Punda aliyekula sumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Tabora

Ukurasa huu ni wa wenye punda wa mikokoteni, wafugaji na maafisa mifugo wa mkoa wa Tabora, kuanzia Igunga na Nzega kwenye pamba hadi Urambo, Kaliua na Sikonge kwenye tumbaku. Farasi ni wachache huku, lakini karibu kila linalosemwa hapa juu ya punda linamhusu farasi na baghala pia. Ng'ombe na mbuzi tumewataja pale wanapotofautiana naye, kwa sababu punda wengi hufa kwa kutibiwa kama ng'ombe mdogo.

Nimemkuta punda anadondosha udenda na kutetemeka. Nianze na nini?

Anza na wewe mwenyewe. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, maana sumu nyingi za shambani hupita kwenye ngozi ya mtu kama zinavyopita kwenye ngozi ya mnyama. Kisha mwondoe punda kwenye chanzo, au ondoa chanzo mbele yake, na wenzake wahamishwe hata kama wanaonekana wazima. Mfungue mkokoteni na matandiko yote. Mweke kivulini, asitembezwe.

Mpigie simu bwana mifugo au daktari wa mifugo sasa hivi, kabla ya kujaribu lolote la nyumbani. Wakati unamsubiri, tafuta alichokula: dumu, pakiti, gunia, hata kipande cha lebo. Soma jina la kiambato, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo pamoja na asilimia au gramu kwa lita. Jina la biashara peke yake halimsaidii daktari sana, kwani kampuni moja huuza dawa tatu zenye viambato tofauti kabisa chini ya majina yanayofanana.

Kama dawa imemwagikia ngozi, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya kufulia, umsuuze, urudie. Usimpake mafuta, kwa sababu mafuta husaidia viuatilifu vingi kupenya.

Akilala, mkalishe kifuani huku miguu ikiwa imekunjwa, umwegemeze kwa magunia yaliyojazwa nyasi pande zote mbili. Akilala ubavu kwa muda mrefu pafu la chini hubanwa. Mgeuze upande kila baada ya saa 2.

Nimtapishe? Nimpe maziwa au mafuta ya kula?

Hapana kwa yote matatu. Punda na farasi hawatapiki. Msuli wa mlango wa juu wa tumbo lao unabana sana, na umio, yaani njia ya chakula, unaingia tumboni kwa pembe inayozidi kufunga mlango huo tumbo linapojaa. Ukimlazimisha chumvi, maji ya sabuni au vidole kooni, unaongeza madhara tu.

Imani kwamba maziwa yanakata sumu imewapotezea wengi mnyama. Maziwa na mafuta ya kula huyeyusha baadhi ya viuatilifu na kuvisaidia kuingia kwenye damu upesi. Na mnyama anayetetemeka au mwenye koo lililolegea hamezi vizuri: unachomimina kwa chupa kinaingia kwenye mapafu. Siku ya tatu sumu imeisha, punda anakufa kwa nimonia. Majivu, magadi na mayai mabichi yana hatari hiyohiyo.

Kinachotakiwa kufika tumboni kipitishwe na mtaalamu kwa mrija wa puani, akiwa amehakikisha mrija uko tumboni na si kwenye njia ya hewa.

Daktari yuko mbali. Nimwambie nini kwenye simu?

Saa uliyomwona mara ya mwisho akiwa mzima, saa dalili zilipoanza, alichokula na kiasi, na wangapi wameathirika. Halafu vipimo. Punda mzima aliyetulia ana joto la nyuzi 36.5 hadi 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 28 kwa dakika. Bonyeza fizi kwa kidole kisha uachie: weupe unapaswa kurudi waridi ndani ya sekunde 2. Taja rangi ya fizi kama ilivyo, iwe nyekundu kali, ya kahawia, nyeupe au ya samawati.

Uzito ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila kipimo cha dawa kinatokana nao. Chukua kamba, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ipime kwa futi ya fundi. Kwa punda mkubwa, sentimita 105 ni takriban kilo 105, sentimita 110 ni kilo 117, sentimita 115 ni kilo 132, na sentimita 120 ni kilo 148. Punda wetu wengi wako humo.

Jambo moja la kukumbuka: punda huficha maumivu. Ng'ombe atagugumia, farasi atajigaragaza, punda atasimama tu kichwa chini na kuacha kula. Punda aliyezubaa na kukataa nyasi ni dharura.

Nitajuaje kama ni sumu na si ugonjwa?

Sumu hugusa wengi kwa mpigo, waliokula mahali pamoja, mara nyingi baada ya kupulizia dawa, kubadili chakula au kuogesha. Lakini kuna magonjwa matatu yanayofanana nayo. Msokoto wa tumbo humfanya punda ajilambe ubavu, akune ardhi na atoe jasho. Pepopunda humkaza mwili na kufunga taya, kwa kawaida pakiwa na jeraha la siku za nyuma. La tatu ni kichaa cha mbwa: punda anayedondosha mate, hamezi na amebadilika tabia anaweza kuwa nacho. Usitumbukize mkono kinywani kutafuta mfupa uliokwama. Kama umeshafanya hivyo, osha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Amekula mimea iliyopuliziwa dawa ya wadudu. Anatibiwaje?

Hili ndilo swali linalokuja zaidi msimu wa pamba na tumbaku, kwa hiyo tulieleze kwa kirefu.

Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti na kabamati huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Neva zinabaki zimewashwa. Ndiyo maana unaona udenda, machozi, mkojo na kinyesi vinavyotoka ovyo, mboni za macho zilizosinyaa kama kichwa cha pini, misuli inayochezacheza chini ya ngozi. Kinachoua ni kifua: mapafu yanajaa ute na misuli ya kupumua inachoka.

Dawa ni atropini, na hapa ndipo makosa mawili makubwa hutokea.

Kosa la kwanza ni kipimo kidogo mno kwa ng'ombe. Ng'ombe huhitaji takriban miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, robo au theluthi ikiingia polepole kwenye mshipa na iliyobaki chini ya ngozi au kwenye msuli. Ng'ombe wa kilo 250 ni miligramu 125. Vichupa vingi vya duka la dawa vina miligramu 1 kwa mililita 1, yaani vichupa 125. Anayechoma vitano na kusema atropini haifanyi kazi hajampa ng'ombe huyo dawa.

Kosa la pili ni kinyume chake, kumpa punda kipimo cha ng'ombe. Atropini husimamisha utumbo, na utumbo wa punda ukisimama chakula hushindiliana na kuleta msokoto unaoweza kuua hata sumu ikiwa imekwisha. Punda na farasi hupewa miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kilo kwenye mshipa, ukianzia chini. Punda wa kilo 120 ni miligramu 12 za kuanzia. Daktari hurudia kadiri hali inavyodai, akifuata kifua na wala si macho: lengo ni kupumua kusikokoroma na kinywa kilichoacha kumwaga udenda. Mboni zinaweza kubaki ndogo na mnyama akawa nafuu. Kabla ya kila sindano sikiliza tumbo kwa sikio au kifaa cha daktari cha kusikilizia, juu na chini, kulia na kushoto. Tumbo likinyamaza kabisa, acha kwanza.

Atropini haiondoi kutetemeka kwa misuli. Hilo ni kazi ya pralidoksimu, miligramu 20 hadi 50 kwa kilo, na inafaa ikitolewa mapema, ndani ya siku 1 au 2, kabla sumu haijang'ang'ania kimeng'enya moja kwa moja. Kwa kabamati haina faida, ndiyo sababu tunasisitiza lebo. Dawa za kutuliza za jamii ya asepromazini zisitumike hapa, huzidisha hali.

Mkaa wa jikoni unaweza kusaidia?

Hauwezi. Mkaa wa dawa umetengenezwa uwe na matundu madogo yasiyohesabika yanayonasa sumu. Mkaa wa kupikia uliotwangwa hauna matundu hayo ya kutosha, na unakuja na mchanga na majivu.

Mkaa wa dawa hutolewa gramu 1 hadi 3 kwa kilo ya uzito, ukikorogwa kwenye maji na kupitishwa kwa mrija. Punda wa kilo 120 anahitaji angalau gramu 120. Vidonge vya duka la dawa za binadamu vina robo gramu kila kimoja, fanya hesabu mwenyewe uone. Ujazo wote kwa mara moja usizidi lita 2 hadi 3, tumbo lake ni dogo. Faida kubwa iko kwenye saa 2 za kwanza. Mkaa hausaidii kwa mbolea, asidi kali wala madini kama risasi na shaba.

Nimemwogesha punda pamoja na ng'ombe. Sasa haendi haja na tumbo limenyamaza.

Uliza dawa iliyokuwemo kwenye josho au bomba. Ikiwa ni amitrazi, hiyo ndiyo sababu. Ni dawa nzuri ya kupe kwa ng'ombe, lakini farasi na punda hawapaswi kuguswa nayo. Huwalegeza, huwayumbisha, kisha hulaza utumbo na kinyesi kinakauka ndani.

Mwoshe kwa sabuni na maji mara moja. Asipewe chakula kikavu. Daktari atapitisha maji kwa mrija na kutumia yohimbini au atipamezoli, dawa zinazopinga amitrazi. Atropini hapa isiguswe kabisa, itamaliza utumbo uliokwisha kulala. Hivyo mtu akiona "punda wa josho" na kukimbilia atropini bila kuuliza kiambato, anaweza kumuua kwa sindano.

Kwa kupe wa punda tumia dawa za jamii ya pairethroidi zilizoandikwa kwenye lebo kuwa zinafaa kwa farasi. Na kwa ng'ombe, wanyweshe maji kabla ya kuwapitisha joshoni. Ng'ombe mwenye kiu hunywa josho.

Punda ameingia bandani na kula chakula cha kuku. Ni chakula tu, si ndiyo?

Angalia gunia. Vyakula vingi vya kuku wa nyama huchanganywa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo, kama monensini na salinomisini, ni sumu kali ya moyo na misuli kwa jamii ya farasi. Kuku huhimili karibu miligramu 200 za monensini kwa kilo ya uzito. Farasi huuawa na miligramu 2 hadi 3. Chakula chenye miligramu 110 kwa kilo kinamfikisha punda wa kilo 120 kwenye kiwango hicho kwa kilo 2 na kidogo, yaani nusu ndoo ndogo. Na kama mchanganyaji hakukoroga vizuri, hata konzi kadhaa zinaweza kutosha.

Dalili huchelewa kwa saa kadhaa hadi siku 1 au 2: kukataa kula, jasho, miguu ya nyuma kukakamaa, mkojo wa rangi ya chai, moyo kukimbia. Dawa ya kukata sumu hii haipo. Usisubiri dalili. Mrija na mkaa vipitishwe mapema, kisha apumzike bila kazi yoyote. Anayepona anaweza kubaki na moyo wenye makovu na kuanguka miezi baadaye akivuta mzigo, kwa hiyo daktari ampime moyo kabla hajarudi kwenye mkokoteni.

Pumba zenye ukungu zina shida gani? Ng'ombe wanazila.

Ng'ombe huzihimili kuliko punda. Ukungu wa jamii ya Fusarium kwenye mahindi hutoa fumonisini, sumu inayoyeyusha ubongo wa farasi na punda, na hujikusanya zaidi kwenye pumba na punje zilizovunjika, sehemu zilezile anazopewa punda. Baada ya wiki kadhaa za kuzila, ghafla haoni, anazunguka duara, anasukuma kichwa ukutani, anashindwa kumeza. Wengi hufa ndani ya siku 1 hadi 3. Hakuna tiba. Kuanika juani hakuondoi sumu iliyokwisha kuwamo, na pumba isiyo na harufu ya uvundo bado inaweza kuwa nayo. Waliobaki wazima wabadilishiwe chakula siku hiyo.

Sumu ya panya?

Zipo aina mbili za kuzingatia. Ya unga wa kijivu mweusi yenye fosfidi ya zinki hutoa gesi ikikutana na asidi ya tumbo. Usimpe chakula, na atibiwe nje penye upepo, kwa sababu gesi inayotoka tumboni humdhuru pia anayemhudumia.

Aina ya pili huzuia damu kuganda. Dalili huja baada ya siku kadhaa: fizi nyeupe, uvimbe wa damu chini ya ngozi, damu puani. Dawa ni vitamini K1 kwa wiki kadhaa. Sema K1 unaponunua. Sindano ya K3 huharibu figo za farasi na punda, na maduka ya dawa za mifugo yanaweza kuwa nayo kwa ajili ya wanyama wengine.

Na mbolea ya urea?

Hapa punda ana nafuu na ng'ombe ndiye aliye hatarini. Vijidudu vya tumbo kubwa la ng'ombe hugeuza urea kuwa amonia kwa dakika chache. Gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kilo ya uzito zinatosha kumdhuru ng'ombe asiyeizoea, yaani konzi mbili tatu kwa ng'ombe wa kilo 250. Anatetemeka, anajaa gesi, anapiga kelele, anaanguka. Tiba ni kuingiza maji baridi lita 20 hadi 40 kwa mrija, pamoja na siki ya asilimia 5, lita 2 hadi 8 kwa ng'ombe na nusu lita hadi lita 2 kwa mbuzi. Baridi na siki hupunguza kasi ya amonia kuingia kwenye damu.

Punda huhitaji urea nyingi zaidi ili adhurike, ila mbolea nyingine zenye chumvi za amonia ni kali kwake. Mwite daktari hata hivyo. Siki asipewe.

Maganda ya muhogo mchungu?

Hatari zaidi kwa ng'ombe na mbuzi, hapa na kwa jirani zetu wa Kigoma. Sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo huo, huua kwa dakika, fizi zikiwa nyekundu kali. Damu ya kahawia kama kahawa huelekeza kwenye sumu nyingine, naitreti, chumvi iliyomo kwenye baadhi ya mbolea. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayoamua dawa: sodiamu thaiosalfeti kwa sianidi, buluu ya methilini kwa naitreti. Tazama fizi na umwambie daktari mara moja.

Mbarika na tumbaku yenyewe?

Punje za mbarika zilizotafunwa ni sumu kali kwa farasi na punda kuliko kwa kuku. Kuhara na maumivu huanza saa kadhaa hadi siku 3 baadaye, basi usidanganywe na utulivu wa siku ya kwanza. Tumbaku hufanya haraka, chini ya saa 1: msisimko, kutetemeka, kisha misuli ya kupumua inalegea. Mashina na machipukizi yanayobaki shambani baada ya mavuno yang'olewe.

Amepona, lakini hajala siku 2. Nimwache apumzike?

Usimwache. Punda asiyekula kwa siku 2 au 3 hutoa mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu hadi ini na figo vishindwe. Jike mnene au mwenye mimba ndiye aliye hatarini zaidi. Mbembeleze: nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi, majani ya viazi vitamu, maganda ya ndizi, mkononi, kidogo kidogo kila saa. Mweke karibu na mwenzake waliyezoeana, punda aliyetengwa hugoma kula. Akikataa, daktari amwekee dripu yenye glukosi au amlishe kwa mrija siku hiyo.

Ng'ombe alikaribia kufa, tukamchinja. Nyama inalika?

Hailiki, haiuziki, na kuchemsha hakuondoi viuatilifu. Maziwa ya waliopona yamwagwe hadi daktari ataje siku. Mzoga usichunwe ngozi wala kuachiwa mbwa na tai, maana nao watakufa. Uzikwe angalau mita 2 chini, mbali na kisima na korongo la maji.

Nataka ithibitishwe alikufa kwa nini.

Daktari achukue yaliyomo tumboni karibu nusu kilo, vipande vya ini na figo gramu 100 kila kimoja, mkojo, na sampuli ya chakula kinachoshukiwa. Kila kimoja chombo chake, kigandishwe, kiandikwe tarehe na mahali. Fomalini isitiwe kwenye sampuli za kupima sumu. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tabora, anzeni hapo. Palipo na shaka ya mtu kutega sumu kwa makusudi, polisi wahusishwe kabla ya mzoga kuguswa, na sampuli zipelekwe Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Dumu la dawa nikiliosha vizuri naweza kulibebea maji ya punda?

Hapana, hata ukiliosha mara kumi. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa taratibu kwenye maji yanayokaa juani. Suuza dumu mara 3, maji ya suuzo yamimine kwenye bomba la kupulizia uyamalizie shambani, kisha litoboe chini na pembeni ili mwingine asije kulichukua. Na mkokoteni uliobeba viuatilifu uoshwe mbao zake kabla ya kupakiwa majani au pumba.